Nani Atamsimamia? Kuwaandaa wasindikizaji wa kazi kwa waliotoka gerezani



Niliomba mhadhara huu ufanyike Mabanga, hapa Goma, kwa sababu kazi ninayotaka kuizungumzia inapatikana huku zaidi kuliko katika ofisi za kando ya ziwa. Huku ndiko kijana anakopewa cherehani ya kushonea, pikipiki ya kuendesha, chukudu, kile kigari cha mbao, ya kubebea viazi na makaa. Mwenye pikipiki haulizi diploma. Anauliza: unatoka kwa nani? Nani anakujua? Ukipotea na pikipiki yangu, nimshike nani? Akitajiwa jina la mtu anayemheshimu, anatoa ufunguo, na tangu siku hiyo motari, yaani dereva wa pikipiki, anampelekea verseman, malipo yake. Asipotajiwa jina, mazungumzo yameisha.

Mtu akifungwa, jina hilo ndilo la kwanza kupotea. Mjomba aliyekuwa akimsimamia ameona haya, au amehama, au amekufa. Mchungaji anasita. Walioanza naye ufundi sasa wana wanafunzi wao. Anatoka akiwa na mikono ileile na pengine akili iliyotulia zaidi, lakini hana wa kumtaja. Ninachodai leo ni hiki: ufundi tunajua kuufundisha, ila hatujaandaa watu wa kusimama katika nafasi ya yule mjomba, ambao nitawaita wasindikizaji.

Tukisema tumsaidie aliyetoka gerezani, wengi wetu tunafikiria upesi cherehani, sabuni na useremala. Sidharau hayo. INPP, taasisi ya taifa, ipo tangu 1964 kwa ajili ya mafunzo ya kazi, na kituo cha Don Bosco Ngangi kimewapa ufundi vijana wengi wa mji huu. Lakini mshonaji hodari asiyeaminiwa kuachwa peke yake na kitambaa cha mteja bado hana kazi. Na aliyepata kazi Jumatatu anaweza kuipoteza Alhamisi: simu ya mtu imepotea atelye na macho yote yakamgeukia yeye.

New York walilipima jambo hili kwa subira. Shirika liitwalo Center for Employment Opportunities huwapa waliotoka gerezani kazi ya muda mara moja, kisha huwatafutia ya kudumu. Watafiti waliwafuata watu 977 kwa miaka mitatu na kutoa matokeo mwaka 2012. Ongezeko la ajira lilikuwa kubwa mwanzoni, kisha likafifia kadiri zile kazi za muda zilivyokwisha. Lakini waliofika kwenye shirika hilo ndani ya miezi mitatu tangu kufunguliwa walirudi gerezani kwa kiasi kidogo kuliko wenzao wasiopewa kazi hizo. Hapo nasoma mambo mawili yanayotuhusu: msindikizaji awahi, na asiondoke siku mtu anapoanza kazi. Deborah Becker na Robert Drake, waliobuni katika jimbo la New Hampshire njia ya kuwatafutia kazi wagonjwa wa akili, waliweka kanuni kwamba usindikizaji usiwe na tarehe ya mwisho iliyopangwa mapema. Miradi yetu hupangwa kwa tarehe ya ripoti. Tuanze kurekebisha hapo.

Basi msindikizaji afundishwe nini? Nitakaa zaidi kwenye jambo moja, kwa sababu ndilo gumu na ndilo linalokwepwa: amwambie nini mwenye kazi.

Wapo wanaosema afiche. Wana sababu zao. Mwaka 2003 Devah Pager alichapisha utafiti wake wa Milwaukee, Marekani, ambako vijana waliolingana kwa sifa walitumwa kuomba kazi. Weupe wasiotaja kifungo waliitwa mara 34 kwa kila maombi 100, waliokitaja mara 17. Weusi wasiokitaja waliitwa mara 14, waliokitaja mara 5. Ukweli uligharimu kazi, na rangi nyeusi iligharimu zaidi. Lakini Milwaukee ni mji ambamo mwajiri anaweza asimjue jirani yako. Hapa, kabla jua halijazama, mwenye atelye atakuwa amesikia kwa kiongozi wa nyumba kumi, kwa muuza unga, kwa shemeji yake. Atasikia kilichoongezwa chumvi, na atamchukia msindikizaji kuliko anavyomwogopa kijana. Tangu hapo jina la msindikizaji halina thamani tena kwenye avenyu hiyo, na wote wanaomtegemea wanaumia.

Kwa hiyo nasema: asiseme uongo, na asimwage siri. Kwanza akae na aliyetoka gerezani, wakubaliane kitakachosemwa, na nani atakisema. Kisichohusu kazi kibaki nyumbani. Kinachohusu kazi kisemwe kabla ya ufunguo kutolewa: aliyehukumiwa kwa kuiba dukani asipelekwe kukaa na kisanduku cha pesa cha mtu asiyejua. Halafu msindikizaji aseme analoweza kulisimamia: nitapita kila Ijumaa, pakitokea neno, nipigie mimi kabla ya kumfukuza. Na Ijumaa apite kweli. Haya yanazoewa kwa mdomo, wanafunzi wawili wakikaa uso kwa uso, mmoja akiwa mwenye atelye mkali, mara nyingi, mpaka sauti isitetemeke.

Sasa tuseme juu ya gereza la Munzenze, kwa sababu hatuwezi kufundisha somo hili Goma kana kwamba tuko mahali pengine. Gereza hilo lilijengwa kwa ajili ya wafungwa wapatao 350. Mwanzoni mwa 2025 lilikuwa na maelfu, na wengi wao hawakuwa wamehukumiwa. Novemba 2012, waasi wa M23 walipoingia mjini, wafungwa wapatao 1,200 walitoroka. Tarehe 27 Januari 2025 milango ilifunguka tena, moto ukawaka, na wanawake zaidi ya 160 waliokuwa humo walibakwa. Wengi wao waliteketea. Walikuwa mama na mabinti za watu. Atakayekuja kusomea kazi hii aanze kwa kuwajua hao, ili asije akadhani kwamba kila aliyetoka siku ile ametoka na mzigo uleule.

Waliotoka hivyo hawana karatasi ya kufunguliwa. Kuna aliyekaa miezi mingi bila kumwona hakimu, na kuna aliyehukumiwa kwa kumwaga damu, na leo wanaweza kuwa kwenye avenyu moja na aliyeumizwa. Msindikizaji si polisi wala hakimu. Hana mamlaka ya kumsafisha mtu. Lazima ajue mpaka wake: lini amtafutie mtu mwanasheria kabla ya kazi, na lini akatae kumsimamia. Lazima pia ajue kuzungumza na familia iliyoumizwa, hata kama ni kumwambia kijana atafute kazi katika mitaa mingine, Ndosho au Keshero, asipite mlangoni kwao kila asubuhi. Katika mji ambamo umati huua mshukiwa barabarani, uamuzi huo mdogo unaweza kuokoa maisha.

Nani basi afundishwe? Ningependa nusu ya viti wapewe watu wasio na diploma: fundi aliyelea wanafunzi wengi, mama anayetunza sanduku la likelemba, yaani mchango wa kupokezana, na waliowahi kufungwa wakasimama. Kenya na Uganda, shirika la Justice Defenders limewafundisha sheria wafungwa na askari magereza pamoja. Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo Uganda, alisomea sheria gerezani, na kesi yenye jina lake mwaka 2009 iliondoa hukumu ya kifo ya lazima nchini humo. Aliyepitia anajua usiku wa kwanza nje ulivyo, na kwa nini mshahara wa kwanza ni hatari, wenye kudai wakiwa wamepanga foleni nje.

Mtauliza pesa itoke wapi, hasa tangu benki za hapa zilipofungwa mwaka 2025 na mtaji wa wengi kukwama. Swali ni la haki. Jibu langu ni kuanza na kidogo: wasindikizaji kumi, kila mmoja na watu watano tu, si hamsini, kwa mwaka mzima, na posho itolewe kwao kabla ya kununua cherehani hata moja. Cherehani zipo Mabanga. Mtihani wao usiwe wa kuandika. Baada ya miezi sita, walimu tupite atelye kwa atelye tumuulize mwenye atelye, msindikizaji akiwa hayupo: huyo aliyeletewa bado yuko, na akiletwa mwingine kwa jina la mtu yuleyule, utampokea?