Ng'ombe Asiyecheua

Msikilizaji, ukitaka kujua hali ya ng'ombe wako wa maziwa, usianzie kwenye kiwele. Nenda bandani saa tano au saa sita mchana, wakati majani ya asubuhi yamekwisha na ng'ombe wamelala. Simama kando, usiwashtue, utazame midomo. Katika kundi lililolishwa vizuri, nusu au zaidi ya waliolala utawakuta wanacheua. Na kama ng'ombe wako ni mmoja tu, kama ilivyo kwa wafugaji wengi wa Rungwe, Hai na Lushoto, mhesabie. Tonge moja linalopanda kutoka tumboni hutafunwa mara 50 hadi 70 kabla ya kumezwa tena. Akitafuna mara 30 akameza, au kila unapopita unamkuta ametulia na mdomo haufanyi kazi, kuna jambo tumboni mwake. Mara nyingi jambo hilo limetoka kwenye ndoo ya pumba.

Najua nasema maneno mazito. Pumba na mashudu vimetutoa mbali. Ng'ombe wa kisasa hawezi kutoa lita 15 kwa majani ya kando ya barabara peke yake, na sitaki mtu azime redio akadhani nimemwambia aache kununua chakula cha ziada. Ninalolalamikia ni imani iliyoenea kwamba maziwa hutoka kwenye pumba, na majani ni ya kujaza tumbo tu. Imani hiyo inawaumiza ng'ombe wetu, na inawaumiza polepole kiasi kwamba mwenye ng'ombe haoni ugonjwa ulipoanzia.

Tulitazame tumbo lenyewe. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Hukokota majani kwa ulimi, hutafuna kidogo, humeza. Yanaingia katika tumbo la kwanza, lile wataalamu wanaloliita rumeni, ambalo kwa ng'ombe mkubwa hubeba zaidi ya lita 100. Humo ndani kazi hufanywa na bakteria na viumbe wengine wadogo wasioonekana kwa macho, wanaochachua chakula usiku na mchana. Majani marefu huelea juu ya majimaji na kutandaza kitu kama mkeka. Mkeka huo unapokwaruza ukuta wa tumbo, ng'ombe hurudisha tonge mdomoni na kuanza kucheua. Ng'ombe mwenye afya hucheua saa 7 hadi 9 kwa siku. Asipokuwa na mkeka tumboni, hana kinachomwamsha acheue.

Na thamani ya kucheua haiishii kwenye kulainisha majani. Taya likifanya kazi, mate hutiririka, na ng'ombe mkubwa wa maziwa aliyelishwa majani ya kutosha hutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku. Ndani ya mate hayo mna bikaboneti ya sodiamu, chumvi ya jamii moja na magadi tunayoyajua ya Ziwa Natron. Kwa siku moja ng'ombe hujitengenezea zaidi ya kilo moja ya chumvi hiyo, bure, bila kwenda dukani. Hiyo ndiyo kinga yake dhidi ya asidi. Maana bakteria wanapochachua chakula hutoa asidi, na wanga wa mahindi au ngano huchachuka upesi kuliko majani. Pakiwa na wanga mwingi na mate machache, asidi hurundikana. Tumbo zuri huwa na pH, yaani kipimo kinachoshuka asidi inapozidi, ya kati ya 6 na 7 hivi. Ikiteremka chini ya 6, bakteria wanaoshughulikia majani huanza kudhoofu. Ikiteremka hadi karibu na 5.5 na kukaa huko kwa saa kadhaa kila siku, ukuta wa tumbo huanza kuungua.

Hapo ndipo dalili zinapoanza kuonekana, nazo huja kwa kificho. Leo ng'ombe anakula sana, kesho anaacha hori nusu, keshokutwa anakula tena. Kinyesi kinakuwa chepesi, chenye mapovu, na punje nzima za mahindi unaziona ndani. Mafuta ya maziwa yanapungua, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta hayo hutengenezwa kutokana na asidi ya asetiki inayopatikana majani yanapochachuka. Miezi michache baadaye anaanza kuchechemea, kwato zinauma, na mwenyewe anaita mtu aje kuchonga kwato au ananunua dawa ya minyoo. Wakati huo hakuna anayekumbuka kilichokuwa kwenye ndoo miezi mitatu iliyopita.

Mtu atauliza: pumba za mahindi si zina nyuzinyuzi? Zinazo, na ukizipeleka maabara utaonyeshwa asilimia ya kuridhisha. Lakini taya halisomi cheti cha maabara. Mwaka 1971 mtafiti wa Uingereza, Balch, alipendekeza malisho yapimwe kwa dakika ambazo ng'ombe hutafuna kwa kila kilo, kula na kucheua kwa pamoja. Nyasi kavu ndefu humtafunisha zaidi ya saa moja kwa kilo. Chakula kilichosagwa, dakika chache tu. Mwaka 1997 Mmarekani David Mertens akaenda mbele zaidi. Akasema zihesabiwe zile nyuzinyuzi zenye urefu wa kumlazimu ng'ombe atafune, na akachukua chekeche lenye matundu ya milimita 1.18: kinachobaki juu ya chekeche ndicho kinachohesabika. Pumba nyingi zitapita chini. Majani yaleyale mazuri, ukiyasaga yakawa unga, nayo yatapita.

Kwa hiyo nina neno juu ya mashine. Kiangazi wafugaji wengi hupeleka mabua ya mahindi kwenye mashine ya kusaga, wakaleta nyumbani magunia ya vumbi. Nawaelewa: mabua mazima ng'ombe huyachagua, hula majani na kuacha shina, nusu ya mzigo ikawa mbolea. Lakini dawa ya kuchagua ni kukatakata, vipande vya sentimita 2 au 3, kwa panga kali au kwa mashine ya kukatia majani. Ukisaga unga, umelipa fedha ili kuua mkeka. Chakula kinapita haraka tumboni, bakteria hawapati muda wa kukimaliza, na taya linalala.

Upande wa pili nao una hatari yake, na ningekuwa mchoyo nisingeutaja. Mabingobingo yaliyoachwa hadi yakampita mtu kimo yana nyuzinyuzi tele, ila zimekomaa zikawa mti. Ng'ombe atacheua kutwa, tumbo limejaa, na bado ana njaa, kwa sababu kilichomo hakichachuki na hakitoki upesi kupisha kingine. Yakate yakiwa na urefu wa mita moja hivi. Na migomba, ambayo Kilimanjaro na Kagera ni mkombozi wa kiangazi, zaidi ya asilimia 90 ya shina ni maji. Inapoza kiu. Kuitegemea kama lishe ni kumnywesha ng'ombe huku tukidhani tumemlisha. Mvua zikianza, majani machanga nayo ni laini mno. Mwekee na nyasi kavu kidogo hori lilelile mpaka majani yakomae.

Kipindi kinachonitia hofu kuliko vyote ni majuma ya kwanza baada ya kuzaa. Mwenye ng'ombe anafurahi, anataka maziwa, anaongeza pumba mara mbili kwa siku moja. Bakteria huzoea chakula kipya baada ya siku kadhaa, lakini vinyweleo vya ukuta wa tumbo, vile vinavyofyonza asidi na kuipeleka kwenye damu, huhitaji majuma kadhaa kukua. Ongeza kidogo kidogo, kwa majuma mawili au matatu. Na kwa ng'ombe yeyote, asubuhi atangulie kula majani, pumba zifuate. Kilo sita zilizomwagwa kwa mpigo mmoja kwenye tumbo tupu hazifanani kabisa na kilo sita zilizogawanywa mara tatu juu ya tumbo lenye majani. Gharama ni ileile. Tofauti ni mpangilio tu, na mpangilio hauuzwi dukani.

Sasa niwageukie wanaonunua maziwa, maana lawama zote si za mfugaji. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka maziwa mabichi ya ng'ombe yawe na mafuta yasiyopungua asilimia 3.25. Lakini vituo vingi vya kukusanyia maziwa hulipa kwa lita. Laktomita mlangoni humnasa aliyetia maji, mafuta haiyapimi. Mwanamke aliyebeba mzigo wa majani kutoka tambarare hadi mgombani, akamlisha ng'ombe wake ipasavyo, analipwa sawasawa na aliyemimina pumba akapata maziwa membamba. Hapo mtu ana sababu gani ya kuhangaika na majani?

Nasema wazi kwamba utaratibu huu si wa haki. Vifaa vya kupima mafuta vipo na havihitaji maabara kubwa. Vyama vya ushirika na viwanda vya maziwa, pimeni mafuta kwa kila mfugaji, na mlipe kwa mafuta pamoja na lita. Maafisa ugani, mnapomtembelea mfugaji, kabla ya kuuliza anatumia pumba kilo ngapi, kaeni naye bandani mtazame ng'ombe anavyocheua. Nawe msikilizaji uliye na ng'ombe nyumbani, mhesabie kesho mchana, na akishindwa kufika mara 50 kwa tonge, punguza ndoo na uongeze majani marefu kabla hujamwita daktari kwa ajili ya kwato.