Shingo ya Mandolini na Mkono wa Mpigaji

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: SHINGO, MABEGA, UTI, KIELELEZO, MSASA. Wanafunzi wayasome kwa sauti, mmoja mmoja. Kila mtu awe na daftari, penseli na rula, maana leo tutasoma, tutapima na tutafanya hesabu.

Tumepata barua kutoka Gendabi, chini ya mlima Hanang, mkoani Manyara. Aliyeiandika ni mama mmoja wa darasa la kusoma na kuandika, naye ameiandika kwa mkono wake mwenyewe. Hongera, mama. Anasema marehemu baba yake alimwachia mandolini, naye huipiga kwaya inapoimba. Lakini akipiga nyimbo mbili tatu, kidole gumba cha mkono wa kushoto kinakufa ganzi, na kiganja kinauma mpaka usiku. Seremala wa jirani amemwambia, "Lete nipitishe randa, shingo itakuwa nyembamba." Kaka zake wanakataa. Wanasema ni mali ya marehemu, haiguswi. Mama anauliza, "Nimsikilize nani?"

Ndugu zangu, swali hili si dogo. Maji yakimwagika hayazoleki, na mti ukichongwa haurudi. Mama akikosea atapoteza kumbukumbu ya baba yake. Asipofanya lo lote ataacha kupiga, na mandolini itaning'inia ukutani mpaka iliwe na wadudu. Basi tulitazame jambo hili kwa utaratibu.

Kwanza, mandolini ni nini? Ni chombo cha nyuzi kilichotokea Italia, na mji wa Napoli ndio uliosifika kwa kukitengeneza. Katika pwani yetu kimesikika katika baadhi ya vikundi vya taarab, pamoja na udi na fidla. Kina nyuzi 8 za chuma, zilizopangwa mbili mbili, yaani jozi 4. Nyuzi hizo zikikazwa sawasawa, zote pamoja huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, au zaidi. Ni kama mtu mzima anayening'inia kwenye shingo ya chombo chako usiku na mchana. Shingo ndiyo inayobeba mzigo huo wote. Ndiyo sababu hatuichongi ovyo.

Je, maumivu ya mama yametoka wapi? (Hapa darasa lijibu kabla ya kuendelea.)

Wengi wamesema, "Shingo ni nene." Huenda ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine tatu, na hizo hutengenezwa bila kuchonga.

Sababu ya kwanza ni nyuzi kuwa juu mno. Zikiwa juu, vidole hubonyeza kwa nguvu nyingi, na gumba hukaza kwa nyuma. Pima hivi. Hesabu zile freti, yaani vijiti vya chuma vilivyopandwa juu ya shingo, mpaka ufike freti ya 12. Nafasi kati ya freti hiyo na uzi iwe milimita 1 na nusu mpaka 2. Kama huna rula nzuri, panga kadi mbili za benki, moja juu ya nyingine: zina unene wa milimita 1 na nusu hivi. Zikipita na nafasi kubwa bado ikabaki, nyuzi ziko juu. Daraja nyingi za mandolini zina gurudumu dogo kila upande. Legeza nyuzi kidogo, kisha zungusha magurudumu ili daraja ishuke.

Sababu ya pili ni vanishi. Vanishi nene inanata mkononi penye jasho, na mkono hauwezi kuteleza. Hapo sugua nyuma ya shingo kwa msasa laini, namba 400, uondoe mng'ao tu.

Sababu ya tatu ni namna ya kushika. Mtu aliyezoea jembe huishika shingo kama mpini, kiganja kizima kikiwa kimefunga. Mandolini haishikwi hivyo. Shingo ilale kati ya gumba na kidole cha shahada, na kiganja kibaki wazi. Uzito wa chombo ubebwe na mkanda begani, usibebwe na mkono.

Mama wa Gendabi, anza na mambo hayo matatu. Piga muda wa wiki mbili. Maumivu yakiisha, umeshinda, na kaka zako hawana la kusema. Yasipoisha, ndipo tuifikirie shingo yenyewe. Na kama ganzi inabaki hata siku usizopiga, nenda zahanati, maana hapo tatizo si la mti.

Sasa tufanye hesabu. Mwalimu, andika ubaoni: 20 × 20 × 20. Jibu ni 8,000. Chini yake andika: 18 × 18 × 18. Jibu ni 5,832. Hesabu hii ina maana gani? Ugumu wa mti dhidi ya kupinda hufuata unene wake uliozidishwa hivyo mara tatu. Shingo ya milimita 20 ikichongwa ikawa ya 18, umeondoa milimita 2 tu, sehemu moja ya kumi. Lakini ugumu umepungua kwa zaidi ya robo! Mzigo wa kilo 70 haukupungua hata kidogo. Shingo itaanza kupinda kama upinde, nyuzi zitapanda juu zaidi, na maumivu yatarudi yakiwa makubwa kuliko ya kwanza.

Kwa hiyo randa ya seremala haifai. Lakini kaka nao wasikae wakifurahi bado, maana iko njia ya katikati.

Itazameni shingo kwa nyuma. Pale katikati pana mstari ulioinuka kuliko mahali pengine. Huo tunauita uti. Kushoto na kulia kwake, karibu na kingo, ndiyo mabega. Mara nyingi kinachojaza kiganja ni mabega, si uti. Ukipunguza mabega na kuuacha uti kama ulivyo, mkono unapata nafasi, na nguvu nyingi za shingo zinabaki. Hilo ndilo jambo kubwa la somo letu: PUNGUZA MABEGA, ACHA UTI. Liandikeni katika madaftari.

Nitataja hatua kwa hatua. Msiruke hata moja.

Hatua ya 1. Pata ruhusa. Chombo cha urithi kina wenyewe wengi. Waonyeshe kaka vipimo na hesabu ya ubaoni. Tena, kama chombo ni cha zamani na kina jina la kiwanda mashuhuri, usikichonge kabisa, maana kubadilishwa huondoa thamani yake.

Hatua ya 2. Tazama kama ndani ya shingo mna nondo ya chuma. Katika miaka ya 1920 kiwanda cha Gibson cha Marekani kilianza kutia nondo hiyo ili kuzuia shingo isipinde. Dalili yake, mara nyingi, ni kifuniko kidogo kichwani, karibu na vifunguo vya kukazia nyuzi. Nondo ikiwapo, mti ulioifunika unaweza kuwa mwembamba. Hapo mpelekee fundi wa vyombo vya muziki.

Hatua ya 3. Weka alama ya daraja. Daraja ya mandolini haikugandishwa kwa gundi. Imebanwa na nyuzi tu. Ukitoa nyuzi inaanguka. Chora kwa penseli, polepole, mahali miguu yake iliposimama. Alama ikifutika, pima toka mwanzo wa nyuzi pale juu mpaka freti ya 12. Tuseme ni sentimita 17. Basi kutoka freti ya 12 mpaka daraja iwe 17 nyingine, au zaidi kidogo sana.

Hatua ya 4. Tengeneza kielelezo. Chukua waya laini, uukunje ufuate mgongo wa shingo kwenye freti ya 1. Uuweke juu ya daftari na kuchora umbo lake. Fanya vivyo hivyo kwenye freti ya 7. Ndani ya kila umbo chora mstari mpya, ukipunguza mabega milimita 1 tu. Kunja karatasi katikati ili uone kama pande mbili zinalingana, kisha kata kadibodi kwa umbo hilo jipya.

Hatua ya 5. Kwangua. Bandika utepe wa karatasi kwenye kingo za ubao wa freti ili usizikwaruze. Chukua kipande cha kioo chenye ukingo ulionyoka, kama tunavyokwangua mpini wa jembe, na ukishike kwa kitambaa kinene. Fuata uzi wa mti, wala usiukate. Kwangua mara 10 upande mmoja, mara 10 upande wa pili, kisha weka kielelezo. Fumba macho upapase. Mkono huhisi bonde ambalo jicho halikuliona. Usiguse mahali shingo inapoungana na kichwa, wala inapoungana na tumbo la chombo. Fanyia kazi nje, ukifunga kitambaa puani, kwani vumbi la mti hudhuru kifua. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Hatua ya 6. Simama kabla hujatosheka. Sugua kwa msasa namba 150, kisha 220, kisha 400. Rudisha daraja na nyuzi, zikaze kidogo kidogo, upige kwa wiki nzima. Kisha bonyeza uzi mmoja kwenye freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa pamoja, utazame katikati. Nafasi iwe nyembamba kama karatasi. Ikipita kadi, shingo inapinda: legeza nyuzi na utafute fundi.

Hatua ya 7. Shingo ikikaa sawa, paka mafuta ya kitani kwa kitambaa, mara mbili au tatu, mapako membamba, na kila mara ufute yaliyozidi na kungoja yakauke. Mti usiopakwa hunyonya jasho. Sikilizeni sana hapa: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kushika moto chenyewe. Kitandazeni nje mpaka kikauke.

Sasa maswali. Mjibu kwa kuandika, sentensi moja moja.
1. Ni sababu zipi tatu za maumivu zisizohitaji kuchonga?
2. Kwa nini tunaacha uti?
3. Shingo ya milimita 20 ikichongwa ikawa ya 16, ugumu umepungua kwa zaidi ya nusu, au chini ya nusu? Onyesha hesabu.
4. Kama ungekuwa kaka wa mama huyu, ungemjibu nini? Eleza sababu.

Kazi ya nyumbani: chukua mpini wa jembe au wa shoka unaokuumiza mkono. Chora umbo lake kwa waya, tafuta mabega yake, ukwangue kwa kioo kwa utaratibu huu huu. Mpini ukiharibika utachonga mwingine, na mkono wako utakuwa umejifunza. Juma lijalo leteni michoro yenu darasani. Kwaherini.