NENO DOGO "SI"

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Niliombwa niseme juu ya lugha na kazi ya karani. Lugha ni bahari, nami sina chombo cha kuivuka kwa nusu saa. Kwa hiyo nimechota tone moja tu, neno la herufi mbili, nalo ni "si". Nataka kuwaonyesha ya kuwa neno fupi halina maana peke yake. Hupewa maana na lugha linamokaa, na zaidi ya hayo na swali linalolijibu. Karani au mkalimani asiyelishika jambo hili aweza kumtia mtu hatiani kwa neno moja.

Tuanze nyumbani. Tukisema "Mtu huyu si mwizi", hapa "si" lakana. Ondoa herufi ya kwanza uweke "n", na heshima ya mtu imekwisha. Kila aliyewahi kupiga stensili kwa taipu ajua jinsi kosa kama hilo lilivyo jepesi. Tukisema "sijui" au "sikuona", "si" hiyo yachukua mizigo miwili, kukana na nafsi ya msemaji. Tukisema "Si nilikuambia?", mdomo wakana na maana yathibitisha, maana msemaji ataka kusema kwamba alikuambia hasa. Tena wako wasemao "si sote" kwa kufupisha "sisi sote". Basi mtu akiandika "Si sote tulikuwako", je, wote walikuwako, au baadhi hawakuwako? Sauti ya msemaji yaweza kutujulisha, lakini karatasi haina sauti.

Sasa tutoke nje. Kwa Waganda "si" lakana kama kwetu, na si ajabu, kwa kuwa lugha zetu ni ndugu. Lakini undugu si dhamana. Mzulu asemaye "siyabonga" hakani shukrani. Asema "twashukuru", maana "si" yake ni "sisi". Huko Ufilipino "si" hutangulia jina la mtu, kama "si Juan", wala halina neno la kulifasiri kwetu. Katika Kichina sauti ya "si" hubadili maana kwa jinsi inavyopandishwa na kushushwa: kwa namna moja ni nne, kwa namna nyingine ni kufa. Kwa sababu hiyo Wachina wengi huichukia hesabu ya nne, na yako majumba ambayo ghorofa ya nne haikupewa namba yake.

Katika Kilatini cha kale "si" lilikuwa "kama" au "ikiwa", neno la masharti. Wahispania walilirithi, na hata leo "si" kwao ni "kama". Lakini wakiweka alama ndogo juu ya herufi ya mwisho, "sí", huwa ni "ndiyo". Mpiga taipu wa Hispania akiisahau alama ile, amegeuza ukubali kuwa sharti.

Je, hiyo "sí" ya kukubali ilitoka wapi? Kilatini hakikuwa na neno moja la "ndiyo". Mtu aliyekubali alirudia tendo aliloulizwa, au alisema "sic", yaani "hivyo". Katika "sic" ndimo ilimotoka "sì" ya Waitalia na "sí" ya Wahispania. Watu wa kusini ya Ufaransa walishika neno jingine la Kilatini, "hoc", maana yake "hili", wakasema "oc". Na nchi yao ikaitwa Languedoc, yaani lugha ya "oc". Wa kaskazini walisema "oïl", ambayo leo ni "oui". Dante, mshairi mkuu wa Italia, alipoandika habari za lugha hizi mwanzoni mwa karne ya 14, alizigawanya kwa neno hilo hilo la kukubali: oc, oïl na sì. Nasi tutazame "ndiyo" yetu. Ni "ndi-" na "-yo", kama kusema "ni hiyo". Wazee wetu na watu wa Languedoc hawakupata kuonana, walakini wote walikubali kwa kukionyesha kitu: hili, hiyo.

Tuje karibu. Nchi ya Jubaland, penye mji wa Kismayu, ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya mpaka mwaka 1925, ilipotolewa kwa Waitalia, nao wakaitawala mpaka 1941. Basi katika bandari ile Mbajuni alikana kwa "si", Mwitalia alikubali kwa "sì", na Msomali akisema "sii" alimwambia mwenziwe "mpe". Sauti karibu moja, na maana tatu: hapana, ndiyo, na toa.

Mabwana na Mabibi, mpaka hapa twaweza kucheka. Lakini yako mambo yasiyo ya kucheka. Katika mahakama nyingi za Afrika Mashariki, kwa miaka mingi, mashahidi waliulizwa kwa Kiswahili na maneno yao yakaandikwa kwa Kiingereza. Shahidi huulizwa: "Hukuziona fedha hizo?" Naye hujibu: "Ndiyo." Kwa Mswahili maana yake ni wazi: ni kweli kama usemavyo, sikuziona. Lakini akiandikiwa "Yes" tupu, msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba aliziona. Shahidi hakusema uongo, na mkalimani alifasiri neno kwa neno. Hata hivyo karatasi imesema uongo. Na siku hizi shida imezidi, kwa kuwa wako wenzetu waliozoea Kiingereza ambao hujibu swali kama hilo kwa desturi ya Kiingereza. Basi "ndiyo" ya huyu siyo "ndiyo" ya yule, ingawa wote wawili wasema Kiswahili.

Wafaransa wameliziba tundu hili kwa neno letu lile lile. Ukimwuliza Mfaransa, "Hukuziona?", naye aliziona, hajibu "oui" bali "si", maana yake: sivyo, niliziona. Wadachi wana "doch" kwa kazi hiyo. Hata Waingereza zamani walikuwa na maneno manne: "yea" na "nay" kwa swali la kawaida, "yes" na "no" kwa swali lenye kukana. Mwaka 1532 Thomas More, mwanasheria mkubwa, alimkosoa Tyndale, mfasiri wa Biblia, kwa kuweka "no" palipostahili "nay". Baadaye tofauti ile ilipotea katika Kiingereza, na tundu likabaki wazi.

Sisi hatuwezi kuiamuru lugha itupatie neno jipya, lakini twaweza kuangalia kazi yetu. Kwanza, swali la kukana liepukwe, tuulize "Uliziona?" Pili, "ndiyo" na "hapana" pekee zisitutoshe, tumwombe shahidi aseme tendo lenyewe, "niliziona" au "sikuziona", kama Warumi walivyofanya. Tatu, tuandike jibu zima pamoja na swali lake, kwa kuwa jibu bila swali ni kama hundi bila jina. Nne, mtu asomewe maneno yake kwa lugha yake kabla ya kutia sahihi au kidole gumba.

Huenda mtu akasema kwamba hayo yachelewesha kazi. Ni kweli, yachukua dakika mbili au tatu. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: dakika zile ni nyepesi kwetu sisi wenye kalamu, na kifungo ni kizito kwa yule aliyejibu neno moja. Na mkalimani akiona shaka, asione haya kusimamisha shauri na kuuliza tena. Wazee walikwisha kutuachia ruhusa hiyo, nao waliiandika kwa neno letu la leo: kuuliza si ujinga.