Sindano ya Neva: Uliza Kabla Hujatia Sahihi

(Maneno ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo)



Leo nitasema habari ya maumivu yasiyokwisha. Mgongo, kiuno, shingo, mguu unaowaka moto usiku. Wengi tunayajua. Tumelima kwa jembe na kubeba ndoo za maji. Wapo walioanguka na pikipiki. Wapo walioumia katika maporomoko ya tope ya Katesh, tarehe 3 Desemba 2023. Kidonda huweza kupona, lakini maumivu yakabaki. Maumivu yakipita miezi mitatu, madaktari huyaita maumivu sugu.

Mzee mmoja katika darasa letu aliumwa kiuno miaka mingi. Akasikia kwamba iko sindano ya neva huko mjini. Akauza dume mnadani, akaenda. Alichomwa, akarudi anatembea vizuri. Tulifurahi. Baada ya miezi mitatu maumivu yakarudi. Mzee akasema, "Nimeibiwa dume langu." Nikamwuliza, "Je, karatasi uliyotia sahihi ilisemaje?" Akajibu, "Niliandika jina tu, mwalimu. Sikuisoma."

Ndugu zangu, mzee hakuibiwa. Alitegemea jambo ambalo sindano ile haiwezi kulifanya. Basi tujifunze.

Neva ni mishipa ya fahamu. Si mishipa ya damu, wala si ule ugonjwa wa ngiri tunaouita mshipa. Neva hupeleka habari. Ukikanyaga mwiba, neva hupeleka habari kutoka mguuni hadi kwenye ubongo, nawe unasikia maumivu. Daktari akiizuia neva, habari haifiki. Aliyeng'olewa jino kwa ganzi anajua jambo hili.

Ziko njia tatu.

Ya kwanza ni sindano ya ganzi karibu na neva. Mara nyingi huchanganywa na dawa ya kupunguza uvimbe, iitwayo steroidi. Ganzi hukaa saa chache. Ikiisha, maumivu huweza kurudi kwa siku kadhaa, hata kuzidi kidogo. Usiogope. Steroidi huchukua siku kadhaa kuanza kazi. Nafuu yake ni ya wiki au miezi. Wapo wasiopata nafuu kabisa.

Ya pili ni kuunguza neva kwa joto la sindano maalumu ya umeme. Kwanza daktari hujaribu kwa ganzi. Ukipata nafuu, anajua neva ni hiyo. Baadaye huiunguza. Unaweza kusikia uchungu wiki moja au mbili. Nafuu mara nyingi ni ya miezi 6 hadi 12, na wengine hupata zaidi. Halafu neva huota tena, kama majani yaliyofyekwa. Kazi hiyo huweza kurudiwa.

Ya tatu ni kuua neva kwa dawa kali kama spiriti. Hii hutumika zaidi kwa wagonjwa wa saratani wenye maumivu makali.

Angalia! Njia hizi hupunguza maumivu. Haziponyi ugonjwa wenyewe.

Huduma hii haipo kila mahali. Anza zahanati au kituo cha afya. Hapo utaelekezwa hospitali ya wilaya, au Haydom, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955. Ikihitajika, utaandikiwa rufaa kwenda KCMC Moshi, au Taasisi ya Mifupa ya MOI, Dar es Salaam. Usichomwe sindano ya mgongo dukani wala nyumbani kwa mtu.

Kabla ya kuchomwa, sema kila kitu. Una kisukari? Steroidi hupandisha sukari. Unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Una mimba? Una homa au jipu? Kuna dawa inayokudhuru? Usiache dawa zako bila kuambiwa na daktari. Nenda na ndugu wa kukusindikiza.

Siku hiyo, kwa sindano ya mgongo, utalala kifudifudi. Ngozi itasafishwa. Daktari huangalia kwa eksirei au altrasaundi ili sindano ifike mahali pake. Kazi si ndefu. Baadaye utapumzishwa na kuangaliwa. Mguu unaweza kuwa mzito kwa saa chache. Usisimame peke yako. Usiendeshe pikipiki siku hiyo.

Rudi hospitali upesi ukiona homa, usaha, mguu kuzidi kulegea, kushindwa kukojoa, ganzi sehemu za siri, au kichwa kuuma sana. Usingoje kesho.

Maumivu yakipungua, usikimbilie kubeba gunia. Hapo ndipo pa kufanya mazoezi uliyofundishwa, ili mgongo upate nguvu. Nafuu ni nafasi, itumie.

Sasa hiyo karatasi. Inaitwa fomu ya idhini. Maana yake, unakubali ukiwa umeelewa. Isome polepole. Neno usilolijua, uliza. Si aibu. Uliza hivi: Nafuu itakaa muda gani? Hatari zake ni zipi? Iko njia nyingine? Gharama ni kiasi gani, na bima yangu inalipia? Ukijibiwa, ndipo utie sahihi. Usiuze ng'ombe kabla ya kuuliza.

Yule mzee alirudi hospitali mara ya pili. Safari hii aliisoma fomu mwenyewe, mstari kwa mstari. Akauliza maswali manne. Bado kiuno humwuma wakati mwingine, lakini hasemi tena kwamba ameibiwa.

Hiyo ndiyo faida ya kisomo.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini maumivu huweza kurudi baada ya sindano?
2. Taja dalili tatu za kukurudisha hospitali upesi.
3. Fomu ya idhini ni nini?