Kadi ya Njano Kabla ya Mpaka

Safari ya pikipiki ya kulizunguka Ziwa Victoria kutoka Kisumu huvuka mipaka mitatu: Busia kuingia Uganda, Mutukula kuingia Tanzania, na Sirari kurejea Kenya kupitia Isebania. Mwendeshaji mwenye bima ya Kenya pekee hukosa kinga mara tu anapouvuka mpaka wa Busia, kwa kuwa bima ya nyumbani haivuki mpaka.

Kinachohitajika ni Kadi ya Njano ya COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Hati hiyo huongezwa juu ya bima ya nyumbani ili aliyeumizwa na pikipiki ugenini aweze kulipwa, na Tanzania, ingawa si mwanachama wa COMESA, imo katika mpango huo. Isichanganywe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho nacho wengi hukiita kadi ya njano, na ambacho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano.

Msikilizaji anayejiandaa na aende kwa kampuni yake ya bima kabla ya kuondoka, akiwa na logibuku, aitishe kadi hiyo, kisha asome papo hapo kaunta namba ya pikipiki, tarehe na majina ya nchi, kwa maana kosa dogo la namba laweza kumnyima majeruhi haki yake. Karatasi inayouzwa na mtu asiyejulikana kando ya geti la mpaka isinunuliwe kamwe. Bima ya nyumbani haivuki mpaka. Kadi ya Njano ichukuliwe Kisumu.