Masizi kwenye Injini ya Peugeot 504

Msikilizaji mwenye Peugeot 504 ya kabureta, fungua plagi injini ikishapoa. Ncha ya kahawia hafifu ni njema. Masizi meusi makavu yana maana petroli ni nyingi mno ikilinganishwa na hewa: angalia kama choki imekwama, safisha chujio la hewa, ndipo umwite fundi wa kabureta. Ikiwa plagi imelowa oili, huenda ringi za pistoni zimechoka, na kubadilisha plagi peke yake ni kupoteza pesa. Je, injini huendelea kutetemeka baada ya kuzima swichi? Tafadhali usipuuze: huenda kaboni iliyoganda ndani ya silinda inabaki nyekundu kama kaa na kuwasha petroli. Safari fupi fupi za dukani huongeza masizi, maana injini haipati joto la kutosha kuyaunguza.