Nyama Isiyo na Ngozi: Kufundisha Miti ya Nasaba kwa Kesi ya Nyamapori



Nimeombwa nizungumzie ufundishaji wa bayoinfomatiki. Pendekezo langu ni kwamba tuanze na kesi, kompyuta ifuate. Mwanafunzi akishapata swali linalomnyima usingizi, programu ataijua tu.

Kesi yenyewe nimeitunga, lakini za aina yake hufika mahakamani humu nchini. Pikipiki imesimamishwa kwenye barabara ya Namanga. Ndani ya gunia mna nyama iliyokatwakatwa, haina ngozi, pembe wala kwato. Mshukiwa anasema ni ya ng'ombe. Kwa macho tu, nani atambishia? Ndiyo sababu Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, lilifungua maabara yake ya uchunguzi wa vinasaba jijini Nairobi mwaka 2015.

Jeni linalotufaa darasani ni saitokromu b, lenye herufi za DNA zipatazo 1,140. Limo kwenye mitokondria, na kwa kuwa kila seli ina nakala nyingi za DNA ya mitokondria, hata nyama iliyokauka huweza kutoa jibu. Mfuatano wa jeni hilo kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo, nyumbu, kongoni, pofu na punda milia unapatikana bure katika hifadhi ya GenBank, na programu ya MEGA ya kuchora mti nayo ni bure. Shule isiyo na intaneti ichapishe sehemu fupi za herufi hizo kwenye vipande vya karatasi. Wanafunzi wavipange kimoja chini ya kingine na wahesabu tofauti kwa kidole.

Kabla ya kuchora, waambie wabashiri. Wengi watamweka nyumbu kando ya ng'ombe, maana umbo na pembe zinashawishi. Vinasaba vinakataa. Nyumbu yuko tawi moja na kongoni, na kiukoo yuko karibu zaidi na mbuzi na kondoo kuliko ng'ombe. Anayeelekea kwa ng'ombe ni pofu! Punda milia, asiye wa ukoo wa hao wengine kabisa, ndiye anayetuonyesha shina liko wapi. Hapa usiharakishe. Ni hapa mwanafunzi anapong'amua kwamba undugu hausomwi kwa sura.

Kisha darasa ligeuke mahakama. Wakili wa utetezi aulize: nani alifunga mfuko wa sampuli, na nani aliufungua? Mfuatano wa kulinganishia ulitoka kwa mnyama aliyetambuliwa sawasawa? Tawi hili linashikilia kwa uthabiti gani hesabu ikirudiwa mara 1,000? Shahidi mtaalamu akiri pia mipaka yake: mti unasema ni mnyama gani, hausemi nani alimuua, wala kama aligongwa na lori.

Wanafunzi wakubwa wasimulieni kesi ya Benghazi, Libya. Wauguzi watano kutoka Bulgaria na daktari Mpalestina walihukumiwa kifo kwa madai ya kuwaambukiza virusi vya UKIMWI watoto zaidi ya 400. Desemba 2006, jarida la Nature lilichapisha mti wa nasaba wa virusi hivyo ulioonyesha kuwa yaelekea vilikuwa vikisambaa kabla washtakiwa hawajawasili Machi 1998. Siku chache baadaye mahakama ikawahukumu kifo tena. Waliachiliwa mwaka 2007 kwa njia ya diplomasia. Ushahidi mzuri unahitaji mahakimu na raia wanaojua kuusoma, na hao ndio tunaowafundisha.

Kwetu hapa Kitengela na Kajiado, kutambua nyamapori kuna uzito wa pekee. Nyumbu wanaohama katika nyanda za Athi-Kaputiei walikuwa zaidi ya 26,000 mwaka 1978. Kufikia 2011 hawakufika 3,000. Uzio na majengo vimechangia sana, na ujangili nao umo.

Naomba basi kila mwalimu aliye hapa alifundishe somo hili kwa darasa moja muhula huu, hata kwa vipande vya karatasi, na tukikutana tena aje na miti waliyoichora wanafunzi wake pamoja na maswali waliyomshinda nayo.